NYOTA ZA MABAHARIA NA NYOTA ZA WAPIGA RAMLI



Ndugu zetu Waislamu, Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Suratul An'am kwamba nyota amezijaalia kuwa uongozi wetu katika viza vya bara na bahari, na katika Surat Yunus kwamba mwezi ameukadiria vituo ili tujue hesabu ya miaka. Hakutwambia popote kwamba nyota huvunja arusi wala kufilisi duka.

Waliotutangulia walilifahamu jambo hili. Al-Battani alikaa Raqqa, katika nchi ya Sham, akipima jua na mwezi tangu mwaka 877 hata 918. Akaandika zij, yaani kitabu cha majedwali ya kujulia mwendo wa jua, mwezi na sayari. Mwaka wa jua aliuhesabu siku 365, saa 5, dakika 46 na sekunde 24. Hakukosea ila dakika 2 na kitu.

Katika karne ya 11 az-Zarqali naye alipima nyota Toledo, Andalus. Wakristo walipoutwaa mji huo mwaka 1085 hawakuitupa elimu yake; waliifasiri. Katika karne ya 13 Mfalme Alfonso wa 10 akaamrisha majedwali mapya juu ya msingi huo, na mwaka 1496 yale ya Zacuto, mwanachuoni wa Kiyahudi, yakapigwa chapa Leiria, Ureno.

Faida yake ni hii: nahodha akivuka ikweta kwenda kusini, nyota ya kaskazini humzamia. Basi hupima kimo cha jua adhuhuri, akatazama jedwali la siku hiyo, akajua yu mbali kiasi gani na ikweta. Kwa hesabu za namna hiyo Wareno walifika Mombasa Aprili 1498.

Je, sisi tumeifanyani elimu hiyo? Tumewaachia wapiga ramli! Mtu akitaka kuposa, huhesabiwa jina lake na la mamake. Akitaka kusafiri, hununua siku njema. Na Mtume wetu ametukataza kumsadiki kahini. Miaka 41 al-Battani alizitazama mbingu, akipima jua na mwezi.

Basi twawausia wazazi: fedha ya ramli mnunulieni mtoto kitabu cha hesabu. Mwenyezi Mungu atuongoe. Amin.