Land Rover ile haipimwi kwa kilo

Wiki hii wanunuzi wa chuma chakavu walipita kijijini kwetu Nyegina na mizani yao, wakasimama kwa mzee mmoja jirani yangu mwenye Land Rover chini ya mwembe. Kijana mmoja akaizunguka, akagonga mlango kwa kidole, akasema, "Mzee wangu, gari hili limeshakufa. Bora uchukue hela." Mzee akajibu, "Halijafa, mjukuu wangu. Linasubiri betri." Waliondoka bila biashara, lakini mimi hasira haijanitoka hadi leo.

Ni ile Land Rover ndefu, mia na tisa, yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Injini ni ileile, kabureta ileile, na kibati cha kiwanda cha Solihull, Uingereza, bado kimepigiliwa mahali pake. Bodi ni ya alumini, kwa kuwa Land Rover zilipoanza kutengenezwa mwaka 1948 Waingereza walikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Alumini haili kutu kama chuma, ndiyo maana chesisi ikioza bodi hubaki nzima. Na alumini hiyohiyo ndiyo inayowavuta wenye mizani, kwa sababu bei yake inaipita ya chuma. Kilicholifanya gari lidumu ndicho kinachotaka kuliangamiza.

Gari lile limewapeleka kina mama wenye uchungu Musoma mjini usiku wa mvua. Limebeba pamba, limebeba maharusi, limebeba majeneza. Wapo watu wazima hapa kijijini ambao mama zao wangeweza kukuonyesha ni kiti gani walilalia.

Sasa, nani aamue kwamba gari kuukuu ni klasiki? Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linataka gari liwe na miaka isiyopungua 30, litunzwe katika hali yake ya asili, na lisiwe la kutumika kwa usafiri wa kila siku. Mawili ya kwanza nayakubali. La tatu linawafaa wenye gari jingine la kwendea sokoni. Kwetu, gari hupata heshima yake kwa kufanya kazi. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na katika ushindi wa 1966 na 1967 usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Wanaoitukuza 404 leo wanatukuza tope na mawe ya barabara zetu. Isingepita huku, ingekuwa gari la kawaida tu la Kifaransa.

Najua atakayesema: kwa hesabu hiyo kila mkweche ni klasiki. Hapana. Mkweche ni gari lililochoka, likabadilishwa kila kitu hadi halijulikani lilitoka wapi, na hakuna anayekumbuka lilifanya nini. Gari lisilo na breki nalo si klasiki hata liwe na miaka 60. Ni hatari barabarani, liegeshwe. Wala sigombani na sheria za uagizaji. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8, na sisi Tanzania tunatoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Sheria hizo zinazuia takataka za wengine zisimwagwe kwetu, ni sawa. Kosa ni kulipima kwa kipimo hichohicho gari lililozeeka mikononi mwetu, likitutumikia.

Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yamehifadhi Rolls-Royce iliyotumiwa na magavana wa Kiingereza na baadaye na Mwalimu Nyerere. Wamefanya vema. Lakini Mwalimu huyohuyo alibatizwa hapa Nyegina, Desemba 1943, na wananchi aliowaongoza hawakupanda Rolls-Royce. Walipanda Land Rover na malori ya Bedford, wakiwa wamekaa juu ya magunia. Historia yao nayo ina haki ya kuwekewa paa.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wenye magari ya namna hii, Musoma, Bunda na Butiama: msiyauze kwa kilo. Tafuteni kadi ya gari, pigeni picha namba ya chesisi, waulizeni wazee waliolipanda na kuliendesha, muandike majibu yao wangali hai. Fundi mzee anayejua kurekebisha kabureta hizo apewe kijana wa kumfundisha. Na wenzetu wa Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, tengeni banda moja kwa ajili ya magari haya. La kwanza lipo Nyegina, na mwenyewe yupo tayari kuzungumza.