Kubaki Nyumbani: Ni Upendo, au Umeshindwa Kuondoka?



Kuna vichekesho vya zamani vya BBC vinaitwa Steptoe and Son, vya mwaka 1962 hadi 1974. Waandishi wake ni Ray Galton na Alan Simpson. Mzee Albert na mwanaye Harold wanaishi London, kazi yao ni kukusanya vitu chakavu mitaani kwa mkokoteni wa farasi. Harold anakaribia miaka 40 na anatamani maisha mengine. Mzee naye ni mjanja kweli kweli: kijana akitaka kutoka tu, yeye anashika kifua, eti moyo!

Katika kipindi cha kwanza kabisa, Harold anapakia vitu vyake mkokotenini ili aondoke. Farasi hana. Anahangaika kuukokota mwenyewe, mkokoteni hausogei. Anaangua kilio. Baba anamrudisha ndani taratibu.

Sasa nauliza: je, Harold ametimiza amri ya nne? Kwa nje, ndiyo. Majirani wangemsifu. Lakini Aristotle anasema tendo jema ni lazima mtu alichague, tena alichague kwa sababu ni jema. Harold hakuchagua kitu. Mkokoteni ulimshinda.

Basi kubaki kwake ni bure? Hapana, hapo nakataa. Wengi wetu hatukuchagua tulipo. Kuna kitinda mimba aliyebaki na mama kwa sababu kaka zake walishahamia mjini. Kuna aliyekosa ajira akarudi nyumbani. Hawa uhuru wao uko wapi? Uko asubuhi inayofuata. Mahali hukupachagua, sawa, lakini namna ya kukaa hapo ni yako. Harold alichagua kinyongo. Mwaka 1972, katika kipindi kimoja, anaigawa nyumba katikati kwa ukuta wa mbao, kila mtu na upande wake. Yaani mnaweza kulala chini ya paa moja na mmoja akawa ameshaondoka zamani.

Na mzee je? Mimi namhurumia kuliko Harold. Pengine mwanaye angebaki kwa hiari. Lakini kwa kuwa kila mara alimfunga kwa hila, hatajua kamwe. Upendo ukiulazimisha, unajinyima nafasi ya kupewa. Mtume Paulo alipowaambia watoto watii, hakuishia hapo. Aliwageukia na akina baba, wasiwachokoze watoto wao (Efeso 6:1-4).

Kuondoka nako si dhambi, jamani. Kitabu cha Mwanzo kinasema mtu atawaacha baba na mama (Mwa 2:24). Ila ukiondoka, ondoka ukiwa unawapenda. Ukibaki, baki ukiwa unawapenda.

Tafakari wiki hii: nyumbani kwenu kuna ukuta gani wa mbao, na nani aanze kuung'oa?

Tuombe: Ee Bwana, pale ambapo sikupachagua, nijalie leo nipachague kwa moyo. Amina.