Mchoro na Haki ya Mji

Mchoraji msafiri ana madeni mawili: kwa jicho lake, na kwa mji uliompokea. David Roberts, Mskochi, alifika Kairo mwaka 1838, akachora misikiti, minara na Lango la Zuwayla lililojengwa mwaka 1092. Michoro yake, iliyotolewa London kwa chapa ya mawe kati ya 1842 na 1849, iliwafikishia walio mbali fahari ya mji ule. Lakini mara nyingi aliwachora watu wadogo kupita kiasi ili majengo yaonekane makubwa zaidi. Jiwe likatukuzwa, mwanadamu, aliyelijenga, akapunguzwa. Je, uzuri huhalalisha jambo hilo? La. Msafiri huondoka na karatasi yake. Wenyeji hubaki, na walio mbali huwapima kwa karatasi ile.