Malenga Vitani: Kesi ya Christopher Okigbo

Je, mshairi anayo haki ya kwenda kufa vitani kama mtu mwingine yeyote? Swali hili laweza kuonekana geni, maana hatujasikia likiulizwa juu ya seremala wala mvuvi. Lakini liliulizwa, tena kwa uzito, juu ya Christopher Okigbo wa Nigeria, na aliyeliuliza ni mtu wa pwani yetu, Profesa Ali Mazrui wa Mombasa, katika riwaya yake ya mwaka 1971, *The Trial of Christopher Okigbo*.

Okigbo alizaliwa mwaka 1932 huko Ojoto, mashariki ya Nigeria. Katika chuo cha Ibadan alisoma lugha na fasihi za Wayunani na Warumi wa kale. Kisha alishika kazi nyingi: katika ofisi ya waziri mjini Lagos, ualimu huko Fiditi, ukutubi huko Nsukka, na uwakala wa wachapishaji wa vitabu. (Sisi tunaoshinda mezani tukiandika barua za serikali, na usiku tukahesabu mizani, twafarijika kidogo kusikia hivyo.) Mwaka 1962 alifika Kampala kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere. Vita vya Biafra vilipoanza mwezi wa Julai 1967, alijiunga na jeshi la watu wake, akapewa cheo cha meja, na katika miezi ya mwanzo tu akauawa karibu na Nsukka, mji ule ule alikotunza vitabu. Umri wake ulikuwa kama miaka 35.

Hapo ndipo hadithi ilipommeza mtu. Tungo zake za mwisho, alizoziita za kutabiri vita, zilitoka kitabuni mwaka 1971, na wasomaji wakazisoma kama wosia wa mtu aliyeijua siku yake. Sisi hatuoni lazima ya kuamini hivyo. Mwaka 1966 serikali ya Nigeria ilipinduliwa mara mbili, na maelfu ya Waibo waliuawa upande wa kaskazini. Mwenye macho hakuhitaji ramli.

Katika riwaya ya Mazrui, Okigbo anashitakiwa huko ahera kwa kulitanguliza kabila lake mbele ya sanaa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kipaji kikubwa, yasemwa, si mali ya mwenye nacho peke yake. Ni amana ya wengi, hata wale ambao hawajazaliwa, na anayekipeleka mbele ya risasi atapanya asichopewa kwa ajili yake tu. Tena mila yetu yaonekana kuiunga mkono. Muyaka bin Haji aliipigania Mvita, na silaha tunayomkumbukia ni tungo. Akaishi hadi uzeeni, nasi tukarithi. Hatuna budi kukiri kwamba kwa miaka mingi tuliikubali hoja hii, na vijana waliotuletea beti zao tuliwaambia hivyo hivyo.

Kilichotutoa katika imani hiyo ni jambo dogo la mwaka 1966. Katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Dakar, Okigbo alitunukiwa tuzo ya ushairi, akaikataa. Hakutaka mashairi yapimwe kwa rangi ya mtunzi. Basi mtu aliyekataa kutengwa katika sifa, angekubalije kutengwa katika hatari? Mashtaka yale yanaficha hesabu mbaya: kwamba mkulima wa mihogo aliyeanguka kando yake alikuwa na kidogo cha kupoteza. Nani aliyeipima amana ya mkulima huyo? Kama vita vile vilikuwa batili, vilikuwa batili kwa wote wawili. Na kama vilikuwa vya haki, hatuoni sababu ya kumsamehe mmoja kwa ajili ya kalamu yake.

Juu ya haki ya vita vyenyewe watu walitofautiana sana. Tanzania iliitambua Biafra tarehe 13 Aprili 1968, nchi nyingi za Afrika zikakataa, na Januari 1970 Biafra ikashindwa. Hayo ni ya wanahistoria.

Hata hivyo hatusemi kwamba hapana hasara. Tungo ambazo Okigbo angetunga akiwa na miaka 50 hazipo, wala hapana awezaye kuzitunga badala yake. Twawaomba walimu wanaomfundisha waanze na zile zilizopo, kifo kije baadaye. Ni ngumu, zimejaa dua za kwao na sauti za Warumi, na hadithi ya meja aliyekufa kijana ni rahisi mno kuwa badala yake.

Mwaka 1978 Chinua Achebe, rafiki yake, akishirikiana na mhariri mwenzake, alitoa mkusanyo wa tungo za kumwomboleza, na jina la kitabu lataka asiachwe afe. Wakulima waliolala naye karibu na Nsukka hawana kitabu.