Huruma na Mipaka Yake

Tarehe 15 Agosti, 1945, Japani ilipotangaza kusalimu amri, manowari za Marekani zichukuazo ndege zilikuwa bado karibu na pwani yake. Marubani waliokuwa wakiangusha mabomu wakapewa kazi nyingine: kuzitafuta kambi za mateka wa vita na kuwaangushia chakula na dawa. Mateka waliandika herufi kubwa juu ya mapaa ili waonekane.

Tukiyatafakari hayo, twaelekea kusema kuwa chombo hakina dhambi. Dhambi i katika nia ya mtumiaji. Lakini jibu hilo halitoshi. Kandokando ya kambi waliishi raia wa Kijapani, wazee kwa watoto, nao walikuwa na njaa. Mapaa yao hayakuwa na herufi.

Hatuwalaumu marubani, aanzaye na nduguye hakosi. Kosa ni kudhani kuwa huruma hukomea hapo. Hati ya kusalimu amri ilitiwa saini siku moja tu, tarehe 2 Septemba, juu ya manowari Missouri. Uadui hauishi kwa wino. Huisha pale tunapoiona njaa ya mtu kabla ya kuuliza yeye ni wa upande gani. Je, sisi walimu twawafundisha wanafunzi wetu kuuliza hivyo?