Usafi Ulioua Ukuta

Kisa hiki hakikutokea mara moja wala katika mji mmoja. Kilijirudia katika miji mingi ya Marekani miaka ya 1970, na kila kilipojirudia mhusika alikuwa yule yule: mwenye jengo aliyelipenda jengo lake. Ndiyo maana kinafaa kusimuliwa. Anayeharibu kwa chuki hujulikana mapema na watu humzuia; anayeharibu kwa mapenzi hupewa pongezi.

Jengo lenyewe lilikuwa la matofali ya kuchoma, la ghorofa mbili au tatu, lililojengwa karibu na mwaka 1900. Mbele palikuwa na duka. Ubavuni, kwenye ukuta usio na madirisha, palikuwa na tangazo lililopakwa kwa rangi: unga wa Gold Medal, tumbaku ya Mail Pouch au Bull Durham, soda ya Coca-Cola. Mara nyingi jina la mwenye duka liliandikwa pamoja na jina la bidhaa, maana kampuni zilijua namna ya kumpata mfanyabiashara: mwandikie bango la bure lenye jina lake, naye atakuachia ukuta.

Kazi hiyo ilikuwa na mafundi wake. Fundi alianza na mchoro mdogo, akaukuza kwenye karatasi kubwa, akatoboa vitundu kufuata mistari ya herufi. Karatasi ikabandikwa ukutani, akaipigapiga kwa kifuko chenye vumbi la mkaa, na vumbi likapenya vitunduni kuacha alama. Kisha akapanda kwenye ubao ulioning'inizwa kwa kamba kutoka paani, akapaka. Rangi yake nyeupe ilitengenezwa kwa madini ya risasi yaliyosagwa ndani ya mafuta ya kitani. Mafuta yalizama katika tofali na risasi ikashika. Kwa sababu hiyo herufi nyeupe zimedumu miaka mia na zaidi pale ambapo rangi nyingine zimepukutika. Kwa sababu hiyo hiyo wapaka rangi wengi wa enzi zile waliugua, kwani risasi ni sumu. Waliulipia ukuta ule kwa afya zao, na wengi hawakuacha hata jina.

Miaka ilipita, tangazo jipya likapakwa juu ya lile la zamani, kisha jingine juu yake. Jua na mvua vilipoila rangi ya juu, ya chini ikaanza kuchungulia. Ukuta mmoja ukawa unasomeka mara kadhaa: mji huu ulikula nini, ulivuta nini, ulijitibu kwa dawa gani, na nani alikuwa na duka pale kona.

Ndipo ukaja mwaka 1976. Sheria mpya ya kodi iliwapa nafuu wenye majengo ya kihistoria ya biashara waliokubali kuyakarabati badala ya kuyabomoa. Lilikuwa jambo jema, na liliokoa majengo mengi. Lakini wakati huo pia matofali mekundu yaliyo wazi yalikuwa yamekuwa fasheni. Mwenye jengo akautazama ukuta wake wenye herufi zilizopauka, akaona uchafu. Akamwita mkandarasi mwenye mashine ya kupuliza mchanga kwa nguvu ya hewa. Mchanga ukaupiga ukuta, na rangi iliyoshinda jua la miongo ikaondoka kwa muda mfupi sana. Ukuta ukang'aa. Majirani wakamsifu.

Hakujua kwamba tofali la kuchoma lina tabia ya mkate wa boflo: nje lina ganda gumu lililokomazwa na moto, ndani ni laini na lina vitundu. Mchanga ulipoondoa rangi, uliondoa na ganda. Ukuta ukaanza kunywa mvua. Majira ya baridi yalipofika, maji yale yaliganda, na barafu ikahitaji nafasi kubwa kuliko maji. Uso wa tofali ukapasuka na kubanduka vipande. Chokaa ya kuungia matofali nayo ilikuwa imeliwa. Wengine walitafuta dawa kwa kupaka kemikali ya kuziba, na mara nyingi tatizo likazidi, kwa sababu unyevu uliokwisha kuingia ulikosa pa kutokea. Na ile risasi iliyokaa salama ukutani kwa vizazi iligeuka vumbi, ikatua njiani na kwenye udongo ambako watoto wanacheza.

Mwaka 1979 Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani ilitoa kijitabu cha kuonya dhidi ya usafishaji wa aina hiyo. Viwango vya kupata nafuu ya kodi vilikataza kabisa kupuliza mchanga, kwa hiyo aliyefanya hivyo angeweza kunyimwa nafuu ile ile aliyoikimbilia. Mwaka 1991 idara hiyo ilitoa kijitabu kingine, mahsusi kwa mabango na maandishi ya kale, kikihimiza yatunzwe. Kwa kuta nyingi ushauri ulichelewa. Majuto ni mjukuu.

Funzo la kwanza ni hili: kupauka si uchafu. Herufi iliyofifia bado inafanya kazi ya ushahidi. Ukiwa na ukuta wa namna hiyo, njia ya busara kwa kawaida ni kuuacha ulivyo, kuzuia maji yanayovuja kutoka paani na mifereji, na kutopaka vanishi wala kemikali yoyote kabla ya kumwuliza mtaalamu.

La pili: kupaka upya si sawa na kuhifadhi. Katika mji wa Cartersville, jimbo la Georgia, kuna ukuta wa duka la dawa la Young Brothers uliopakwa tangazo la Coca-Cola mwaka 1894, linalohesabiwa kuwa la kwanza la kinywaji hicho kupakwa ukutani. Lilifunikwa kwa matabaka mengi ya rangi, likafukuliwa kwa subira, kisha likakarabatiwa. Hapo kampuni ilikuwa bado hai, hivyo palikuwa na pa kuulizia. Matangazo mengi ni ya kampuni zilizokufa. Atakayeyapaka upya atakuwa akibahatisha, na kila kosa lake litafunika ukweli uliokuwa chini.

La tatu: andika kumbukumbu kabla ya kushika brashi. Nchini Uingereza, picha za matangazo ya aina hii zilizopigwa na watu wa kawaida zilikusanywa katika hazina iliyofunguliwa mwaka 2010 na taasisi ya History of Advertising Trust. Kamera na uvumilivu vilitosha kuianza kazi.

Sisi wa pwani tuna sababu ya kusikiliza. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu ni za mawe ya matumbawe yaliyofunikwa kwa lipu ya chokaa, na jina la duka likipakwa hapo huwa juu ya lipu, si juu ya jiwe. Anayeibandua lipu ameliondoa jina lote, halibaki hata la kusomwa kwa shida. Akiirudishia kwa saruji anaongeza hasara, kwa kuwa saruji huuzuia unyevu kutoka, chumvi hujikusanya, na ukuta huanza kuoza kwa ndani. Bara nako, maduka hupakwa matangazo ya sabuni, soda na simu juu ya mengine ya zamani, na mara chache mtu hukumbuka kupiga picha kwanza.

Basi, fundi wa rangi akiitwa mtaani kwako, mtangulie. Mwombe ruhusa mwenye nyumba. Piga picha ya ukuta mzima ukiwa umesimama usawa wake, kisha herufi moja moja. Weka rula au mtu pembeni ili ukubwa ujulikane. Rudi asubuhi au jioni jua likiwa chini, na baada ya mvua, maana ukuta ukilowa herufi hujitokeza. Andika mtaa, tarehe, maneno yote yanayosomeka na rangi zake. Muulize mzee wa mtaa duka lilikuwa la nani na liliuza nini. Hifadhi nakala zaidi ya mahali pamoja, na mojawapo ipeleke maktaba au makumbusho. Tangazo lenye picha nzuri na maelezo likianguka pamoja na ukuta wake, mji haujapoteza kila kitu. Likifutwa bila picha, hakuna mashine wala pesa itakayolirudisha.