Sitara na Dhiki ya Nafsi: Mwanafunzi Aliye Mbali na Wazee Wake

Mwenyezi Mungu ameamrisha sitara, na Mtume Muhammad (S.A.W.) amemuahidi mwenye kumsitiri Mwislamu mwenzake kuwa naye atasitiriwa duniani na Akhera. Hilo halina ubishi. Suala lenye kuhitaji kuzingatiwa ni jengine: je, sitara hiyo inamlazimu kijana aliyeshikwa na dhiki ya nafsi aifiche dhiki yake, na inawalazimu wazee wake wamsaidie kuificha? Wengi katika jamaa zenye asili ya Zanzibar na Oman hujibu "ndiyo" kabla ya kulifikiri, na jibu hilo ndilo linalowadhuru watoto waliopelekwa kusoma nchi za mbali.

Itazamwe hali ya mwanafunzi aliyetoka Muscat kwenda kusoma Sydney, Australia. Muhula wa mwanzo huanza Februari au Machi. Ukifika Juni kule ni majira ya baridi, na jua huzama kabla ya saa kumi na moja za jioni. Kijana hurejea chumbani kwake peke yake, na usiku mrefu unamngojea. Wakati huo Sydney imeitangulia Muscat kwa saa sita. Basi mama anayempigia simu mwanawe baada ya sala ya Isha anampigia saa nane za usiku za kule. Akipokea mara moja, mama hufurahi. Na ilikuwa haki ashituke, kwani mtu aliye mzima saa hizo huwa amelala. "Hujambo mwanangu?" "Sijambo mama, alhamdulillahi." Na huenda huyo anayesema hajambo hajaingia darasani wiki ya tano sasa, chakula hakimpiti kooni, sala ya Alfajiri inampita naye yu macho, na moyoni amekwisha kujihukumu kuwa ni mnafiki kwa sababu hiyo.

Kosa liko katika kuchanganya vitu viwili. Sitara iliyohimizwa ni ya madhambi na aibu: mtu asitangaze maasia aliyoyafanya usiku hali Mola wake amemfichia, wala asifichue ya mwenziwe. Maradhi si maasia. Aliyevunjika mguu hasemwi kuwa amejifedhehesha akienda kwa mfungaji mifupa, na hakuna mzee anayemwambia mwanawe mwenye homa ya malaria aifiche ili jamaa wasije wakajua. Lakini huzuni isiyoondoka, khofu isiyo na sababu, na kukata tamaa ya kuishi, hivyo hufunikwa kama vile ni wizi. Jina la Kidongo Chekundu pale Unguja limetumika kwa matusi na kichekesho hata mgonjwa akaona bora afe na siri yake kuliko kunasibishwa na mahali pale. Hiyo ni ada ya watu, si hukumu ya sharia.

Wapo watakaoleta hoja ya Nabii Yaakub (A.S.), aliyewaambia wanawe kuwa mashitaka ya huzuni yake anayapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Hoja hiyo, ikisomwa kisa chake chote katika Sura ya Yusuf, inawapinga wao wenyewe. Nabii Yaakub hakuificha huzuni yake. Macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni, na wanawe walikuwa wakimlaumu kwa kudhihirisha kwake. Kisha baada tu ya kutaja kuwa anamshitakia Mola wake, aliwaamrisha hao hao wanawe watoke wakamtafute Yusuf na ndugu yake, wala wasikate tamaa. Kushitakia kwa Mungu na kutoka kutafuta vilikuwa kwake jambo moja. Naye Nabii Musa (A.S.), alipopewa ujumbe wa kwenda kwa Firauni, alitaja mbele ya Mola wake kuwa kifua chake kinabana na ulimi wake haufunguki, akaomba apewe ndugu yake Harun awe msaidizi. Hakukaripiwa kwa ombi hilo. Alipewa.

Wala elimu ya kutibu nafsi si uzushi wa Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra (934), aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akaeleza humo kuwa nafsi nayo huugua kama mwili unavyougua, na kwamba mgonjwa huhitaji maneno ya mtu wa nje pamoja na fikra zake mwenyewe.

Huulizwa pia: vipi Mwislamu amfungulie moyo wake mnasihi asiyekuwa Mwislamu? Katika Hijra ya kwenda Madina, Mtume (S.A.W.) na Abubakar walimwajiri Abdullah bin Urayqit awaongoze njia, hali ya kuwa bado alikuwa katika dini ya watu wake, na wakamwamini kwa ngamia wao na kwa roho zao, kwani alikuwa fundi wa njia na mwaminifu. Mnasihi wa chuo kikuu anatakiwa njia ya kutoka katika dhiki. Dini ya kijana haiombwi kwake. Kijana anaweza kuomba mnasihi mwanamume, na binti anaweza kuomba mwanamke, na si aibu kueleza tangu mwanzo kuwa sala na wazee ni mambo yenye uzito kwake. Imamu wa msikiti, kama ule wa Lakemba, naye ni mlango mwema, khasa kwa aliyezidiwa na wasiwasi wa dini. Na imamu mwenye busara atajua wakati wa kumpeleka mtu kwa daktari.

Ama khofu kubwa ya wanafunzi wengi ni viza: kwamba akisema anaumwa, atafukuzwa nchini. Khofu hii imepinduka juu chini. Kanuni za Australia za wanafunzi wa kigeni, zilizotoka mwaka 2018, zinakilazimisha chuo kutoa msaada bila ya malipo ya ziada, na zinaruhusu masomo kusimamishwa kwa muda kwa sababu nzito kama maradhi yenye ushahidi wa daktari. Atakayezungumza mapema na ofisi ya wanafunzi wa kigeni hupata nafasi hiyo. Anayenyamaza, akaacha kuingia darasani, akafeli somo baada ya somo, huyo ndiye anayeihatarisha ruhusa yake ya kukaa. Iko pia tarehe, wiki chache baada ya muhula kuanza, ambayo ikipita ada ya somo haiepukiki kwa urahisi. Na ukimya huipitisha tarehe hiyo. Bima ya afya, ambayo kila mwanafunzi wa kigeni hutakiwa awe nayo, humwezesha kumuona daktari wa kawaida. Na likizidi jambo, hata kijana akafikiria kujidhuru, nambari 13 11 14 ya Lifeline, taasisi iliyoanzishwa Sydney mwaka 1963, hupokelewa usiku na mchana. Na ya dharura ni 000.

Mzazi aliye Muscat hawezi kumshika mkono mwanawe, lakini anaweza kubadilisha suala analouliza. Anayeanza kila simu kwa kuuliza matokeo ya mitihani amemfundisha mwanawe kusema uwongo. Na aulize: unalala? unakula na nani? nani uliyesema naye leo uso kwa uso? Jibu likimtia shaka, aseme wazi kuwa ada iliyolipwa si deni juu ya roho ya mtoto. Sheikh Nuruddin as-Salimi, aliyefariki mwaka 1914, alipoteza macho tangu utotoni, akahitaji wengine wamsomee na wamwandikie maisha yake yote, na hakuna Ibadhi anayemhesabia hilo kuwa pungufu. Mbona basi kijana anayehitaji sikio la mtu kwa miezi sita ahesabiwe kuwa ameiangusha nyumba?

Linabaki la jamaa. Kijana amesimamisha masomo muhula mmoja, yuko nyumbani, na kwenye harusi shangazi anauliza mbona amerudi kabla ya wakati. Hapa ndipo mahala pa sitara ya kweli: uwongo haufai, na ufafanuzi hauwajibiki. "Alikuwa anaumwa, sasa anatibiwa, anarudi Februari inshallah." Shangazi akiuliza ni maradhi gani, aambiwe amuombee dua, kisha apewe sahani ya biriani.